Tuta la Mandurli

Mandurli, Goa, 19 Juni 1988

Roque mume wangu,

Mvua imeingia, na safari hii haikubisha hodi. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba mwaka jana. Mama yako ananiagiza nikwambie kuwa wewe ni mpishi wa meli, ubaki mpishi wa meli, mambo ya vigae uwaachie wenyewe.

Sasa habari yenyewe. Tuta letu linalozuia mto na chumvi ya bahari limekatika. Halikukatika kule kwenye mikoko linakobomoka kila mwaka tukaenda kulikandika matope. Limekatika kwenye lango kubwa la maji, pale penye mawe. Ilikuwa Jumapili, sisi tuko misani. Jirani yetu Pandhari, ambaye kwake Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, alisikia mngurumo wa katapila akadhani wanatengeneza barabara. Alipofika, mto ulishaingia. Maji ya chumvi, Roque, yanaingia mashambani yakisukumana kama watu wanaotoka sinema. Miche yake yote ya mpunga imelala chali.

Wanasema ni mvua. Mvua gani ina meno ya chuma? Alama ziko pale matopeni, nimezikanyaga kwa miguu yangu. Kuna kampuni inataka kujenga hoteli na gati la boti za matajiri. Shamba la mpunga sheria hairuhusu lijengwe. Lakini shamba hilohilo likikaa kwenye chumvi misimu michache, atakuja mtu wa serikali, ataliangalia, ataandika kwamba hapa hapana shamba, pana bwawa. Na bwawa linauzika.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama. Sikupanga. Walikuwa wanajadili taa za sikukuu ya kanisa, nikajikuta niko wima. Mjumbe wetu wa bunge la jimbo, Deodato mwenyewe, alikuwepo, amekaa mbele na shati lake jeupe. "Linda binti yangu," akasema, "kaa chini, utachoka bure." Nikamjibu, "Baba, nikikaa nitalowa." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Naye alicheka. Lakini hakunitazama tena.

Basi wamenifanya katibu wa chama cha tuta. Usinune. Shamba letu liko salama, maji hayakufika.

Mwanetu Alzira anakusalimu, anataka kalamu zile za rangi.

Wako,
Linda


Antwerp, 30 Agosti 1988

Mke wangu Ermelinda, mheshimiwa katibu,

Barua yako imenifukuza bandari hadi bandari, imenikamata hapa nikimenya viazi. Nimeisoma huku naungua vidole.

Sasa nisikilize. Deodato ndiye msimamizi wa ndoa yetu. Alisimama nyuma yangu kanisani siku ya harusi, akaninong'oneza, "Ukianguka nitakudaka." Ndiye aliyenipeleka kwa wakala wa meli. Bila yeye mpaka leo ningekuwa nakaanga samaki kwenye kibanda cha stendi ya Margao. Kila sikukuu tunampelekea chupa ya feni, ile pombe ya mabibo, naye kila sikukuu anatuletea keki. Mtu kama huyo unamjibu mbele ya kijiji kizima?

Halafu wewe si ndiye uliyekuwa unasema siasa ni kazi ya watu waliokosa kazi?

Pandhari namwonea huruma, umwambie hivyo. Lakini acha wanaume wa chama waende kumwona Deodato nyumbani kwake, kwa heshima, wakae naye barazani, wayamalize. Mambo haya yanamalizwa kwa chai. Wewe angalia shamba letu. Kama maji hayakufika, shukuru Mungu, funga mlango.

Kalamu za rangi nimenunua. Mwambie mama kwamba mpishi huyu anawalisha watu wa mataifa saba na hakuna aliyekufa.

Wako,
Roque


Mandurli, 12 Oktoba 1988

Roque,

Wanaume wa chama walikwenda kwa Deodato kama ulivyosema. Walikunywa chai. Wakarudi wamelowa maneno matamu, na tuta bado liko wazi.

Kwa hiyo tumeliziba sisi. Yaani sisi wote: wanawake wa parokia, familia ya Pandhari, hata yule mwokaji mikate ambaye hajawahi kushika jembe. Tulipigilia mianzi, tukashindilia majani makavu na matope. Mama yako alikaa kwenye kiti juu ya tuta, mwavuli mkononi, anatoa amri. "Wewe! Hayo matope au mchuzi? Weka mazito!" Watu wanamwita Jenerali Piedade. Hajakasirika hata kidogo.

Maji yakisukuma yanavuja, lakini hayaingii kama zamani. Nilivyosimama pale na matope hadi kiunoni, Roque, nilicheka peke yangu kama mwehu. Sijui hata nilikuwa nacheka nini.

Baada ya hapo nilichelewa kidogo mjini kwa shughuli za chama, mama yako akalisha kuku. Ndiyo maana barua hii imekawia.

Shamba letu liko kama ulivyoliacha.

Linda


Santos, 9 Desemba 1988

Ermelinda,

Jana kwenye kantini ya mabaharia nimekutana na fundi mitambo mmoja, mtu wa kijiji cha ng'ambo ya mto kwetu. Nimemwambia naitwa nani, natoka Mandurli. Akaruka kitini. "Wewe ndiye mume wa yule mama wa mahabusu?"

Nikamwambia amekosea mtu. Akanisimulia yote. Kwamba polisi waliwakamata juu ya tuta kwa kuharibu mali ya kampuni. Kwamba mlilala kituoni, wewe na wanawake wengine, mkaimba nyimbo za kanisa mpaka mkuu wa kituo akaomba msamaha ili apate usingizi. Kumbe "shughuli za chama mjini" ndizo hizo!

Halafu akaongeza, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa, kwamba shamba la Roque Colaço, lile la karibu na lango, ndilo lililozama la kwanza. Kwamba sasa vijana wanavua kamba humo.

Nilimnunulia bia kwa sababu sikujua la kufanya.

Kwa nini hukuniambia? Unadhani mimi ni mtu wa kudanganywa kama mgonjwa? Sijui kama nina hasira nawe, au na maji, au na mimi niliyekuwa namenya viazi.

Likizo yangu ni mwezi wa pili. Usiniandikie uongo mwingine. Ukiwa nao, uuweke, unipe uso kwa uso, nikuone unavyokunja pua.

Roque


Mandurli, 20 Juni 1989

Mume wangu,

Nakutumia hii kwenye klabu yenu ya Bombay. Nadhani bado umekaa hapo na wenzako wa Mandurli mnasubiri meli, mnacheza karata na kusema uongo.

Kwanza yale ya stendi. Nilisema maneno makali basi likiwa tayari linaunguruma, na wewe ukapanda bila kugeuka. Nisamehe ukali, lakini maneno yenyewe siyarudishi. Miezi mitatu ulibeba matope nasi, ukaumwa mgongo, nikafikiri sasa umeona. Halafu siku ya kuondoka unaniambia niende kumwomba Deodato radhi! Radhi ya nini?

Sasa sikia kilichotokea baada ya wewe kuondoka. Katapila limerudi. Safari hii halikuja kwa siri, limekuja mchana, lina karatasi. Amri ya serikali ya jimbo: mashamba yetu yote ndani ya tuta yameondolewa kwenye orodha ya mashamba. Polisi walisimama kulilinda. Pandhari alikaa chini mbele ya katapila, wakamnyanyua kama gunia.

Nimekwenda Panjim serikalini mara sijui ngapi. Nimekaa kwenye mabenchi ya kila ofisi. Mwishowe karani mmoja mwenye huruma akaniambia, "Mama, unagonga mlango ambao si wenyewe. Sisi hapa tunapiga mihuri tu. Haya yanaamuliwa mle." Akanyoosha kidole kwenye jumba la bunge, pale kando ya mto.

Niliporudi, mkutano wa kijiji ulikuwa umejaa hadi barabarani. Pandhari ndiye aliyesimama. Unajua jinsi anavyoongea, kama mtu anayehesabu mbegu. Akasema, "Uchaguzi ni mwezi wa kumi na moja. Tumpeleke Linda mle ndani." Basi.

Nimekataa. Nimewaambia mimi najua matope, sijui bunge. Tena kugombea dhidi ya msimamizi wetu wa ndoa, watu watasema nini? Wamenipa muda nifikiri. Ninafikiri, na kila nikifikiri nakuona ulivyopanda basi.

Niambie wewe. Ukisema hapana, ni hapana, na sitakunja pua.

Linda


Julai 1989

Linda,

Simama.

Najua unaisoma tena uone kama ni mwandiko wangu. Ni wangu. Simama, gombea.

Nimepata meli, usiwe na wasiwasi. Kazi ni ileile, vitunguu na sufuria, wanaume wengi wenye njaa na maoni. Barua zangu zitakuwa na stempu za Bombay kwa sababu nawapa wenzangu wanaoshuka hapo. Wewe endelea kuandika kwa klabu, watanifikishia.

Usiniulize kwa nini nimegeuka. Mtu anaweza kugeuka. Yale uliyoniambia stendi nimekwenda nayo, nimelala nayo, na sasa nasema ulikuwa na haki na mimi nilikuwa mjinga mwenye adabu.

Kuhusu Deodato: alisema nikianguka atanidaka. Sidhani tena kwamba alimaanisha hivyo.

Usiogope kutojua bunge. Hata mimi siku ya kwanza melini sikujua mbele wala nyuma, nilijua tu kwamba watu wanataka kula.

Mbusu Alzira.

Roque


Mandurli, 17 Oktoba 1989

Roque wangu,

Nimepeleka jina langu. Mgombea binafsi, hakuna chama. Karani aliyepokea fomu aliniuliza kazi yangu, nikasema mkulima, akaangalia mikono yangu akaandika.

Deodato alikuja juzi. Hakuja na gari, alikuja kwa miguu, na keki. Mama yako akaipokea keki na kumfungia mlango wa ndani, kwa hiyo tulikaa barazani.

"Linda," akasema, "mimi nilikushika mkono siku ya harusi yako."

"Ndiyo, Baba. Na ulinishika vizuri."

"Sasa unanivua shati mbele za watu?"

"Wewe ndiye uliyetuvua mashamba."

Akacheka kidogo. Akasema mimi ni mtu mwema, lakini bunge litanitafuna. Akasema kampuni italeta kazi, vijana hawataki mpunga tena. Nadhani anaamini. Hilo ndilo lililonishangaza: sikuona mwizi pale barazani, niliona mzee ambaye ameacha zamani kutembea kwenye matuta.

Alipokuwa anainuka akauliza, "Roque je, amepata meli?" Nikamwambia ndiyo, tangu mwezi wa saba. Akanikazia macho. "Amepata?" Kama mtu anayeambiwa kwamba mlango alioufunga kwa mkono wake uko wazi.

Roque, uko meli gani? Nimetafuta kwenye barua zako zote za mvua hii. Hukuandika jina la meli, wala la bandari.

Linda


Mandurli, 28 Oktoba 1989

Mwanangu Roque,

Ni mimi mama yako Piedade. Anayeandika ni Padre, kwa sababu macho yangu hayafai na kwa sababu Linda hatakiwi kujua. Barua hii anaileta dereva wa basi la Bombay, umpe chakula.

Linda amejua. Jana alikwenda posta ya Margao akapiga simu klabuni kwenu, aulize uko meli gani. Na nani akapokea simu? Wewe mwenyewe, pumbavu langu! Ukasema, "Klabu ya Mandurli, chakula bado!" Akaweka simu chini. Alirudi nyumbani, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Leo ndiyo ameniambia. Amekwisha kuelewa yote: kwamba Deodato amewaambia mawakala wasikupe meli kwa sababu yake yeye Linda. Yule Deodato ni (Padre amekataa kuandika neno nililosema hapa).

Sasa sikia. Siku ya mwisho ya kuondoa majina ni wiki ijayo. Linda anasema anakwenda kuondoa lake. Anasema mume hawezi kukaa Bombay anapika kama mjane kwa sababu ya tuta. Pandhari amekuja, amemsihi, hasikii. Mimi nimemwambia kwamba mume wangu hakuwahi kufanya kazi siku mbili mfululizo na tukaishi. Hasikii.

Fanya haraka. Umekuwa mtu wa kuchelewa tangu kuzaliwa, waulize wakunga.

Mama yako,
Piedade

(Na mimi Padre Lucas naongeza: ni kweli hasikii. Mungu akubariki.)


TELEGRAMU — BOMBAY, 30 OKTOBA 1989

ERMELINDA COLAÇO MANDURLI GOA
USIONDOE JINA. UKIONDOA SIRUDI NYUMBANI. BARUA INAFUATA. ROQUE


Bombay, 30 Oktoba 1989

Linda mke wangu,

Telegramu ni ghali kwa maneno, ndiyo maana ilikuwa na ukali. Sasa nakaa nikueleze.

Mwezi wa saba wakala aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi za meli nzuri mezani, njia ya Hamburg. Alinipa kiti, ujue hajawahi kunipa kiti. Akasema, "Kazi yako hii hapa. Lakini simu imepigwa kutoka Goa. Mwambie mkeo anyamaze, kesho unasafiri."

Linda, niliingia ofisi ile nikiwa upande wa Deodato. Naapa. Mfukoni nilikuwa na barua yako ya mwezi wa sita, nilikuwa nimekwisha kutunga jibu: hapana, usigombee. Halafu mtu yule akanitazama huku akisubiri, ana uhakika kabisa. Ana uhakika kwamba mimi ni mtu wa kuambiwa "mwambie mkeo." Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimrudishia karatasi zake nikamwambia mke wangu ana sauti nzuri, kanisani anaimba sauti ya kwanza. Nikatoka. Nikapanda ngazi za klabu hadi chumba chetu, nikakuandikia simama.

Nilidanganya kuhusu meli kwa sababu nilijua utafanya hivi unavyotaka kufanya sasa. Kwa hilo nilikukosea, kama ulivyonikosea kwa shamba. Sasa tumelingana, tuache.

Si vibaya hapa. Nawapikia wenzangu, nao wananilipia kitanda. Kila jioni wananiuliza habari za tuta. Hawa wote ni watu wa eneo letu, Linda, majina yao yako kwenye daftari la wapiga kura, na kwa miaka yote hawajapiga kura kwa sababu daima wako baharini au wanasubiri bahari. Nimeanza kuzungumza nao. Siahidi kitu. Lakini mzee Inas, msimamizi wa klabu, amekwenda kuuliza bei ya basi zima.

Ukiondoa jina, nitakuwa nimekataa Hamburg bure. Usinifanyie hivyo.

Roque wako, mpishi wa nchi kavu


Mandurli, 14 Novemba 1989

Roque,

Sikuondoa.

Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya mjini telegramu ilipofika. Mama yako aliisoma kwa sauti barazani, majirani wote wakasikia. Nikavua viatu.

Alama niliyopewa kwenye karatasi ya kura ni ngazi. Wenzangu walitaka mwavuli, ukachukuliwa. Basi tunatembea na ngazi ya kweli, ya Pandhari, anayotumia kuchumia nazi. Watu wa Deodato wanatuzomea, "Linda anapanda juu ya kichwa cha msimamizi wake!" Mama yako akawajibu, "Kichwa chenyewe kinateleza, tumeacha!" Sokoni walicheka hata wanaompigia yeye.

Kuna vitongoji wanafunga madirisha nikipita. Kuna mahali walisema mimi nimetumwa na maaskofu, mahali pengine wakasema nimenunuliwa na Wahindu kwa sababu Pandhari ananibebea ngazi. Yeye akauliza, "Mimi nilikununua kwa kitu gani, kwa miche iliyokufa?" Kule juu mgodini, nako ni eneo letu la uchaguzi, waliniuliza tuta linawahusu nini wao ambao hawana mto. Niliwaambia sijui shida zao, wanionyeshe. Wakanionyesha mpaka jua likazama: vumbi jekundu kwenye visima, kwenye vitabu vya shule, kwenye mate ya watoto. Nimerudi nimebeba shida nyingi kuliko kura.

Naogopa. Si kushindwa. Naogopa kwamba wakinichagua, wataamini kila nililosema.

Njoo na basi lako.

Linda


Panjim, 11 Machi 1990

Mume wangu mpendwa,

Bado Spika akisema "mheshimiwa mjumbe wa Mandurli" nageuka kumtafuta Deodato. Halafu jirani yangu ananisukuma kiwiko: ni wewe, mama.

Najua kila mtu kijijini anasema kura zilizonivusha ni za basi lenu. Waambie ni kweli. Lile basi kuingia uwanja wa shule limejaa mabaharia wanaoimba, na wewe mlangoni na aproni, sitalisahau. Lakini kule mgodini nako nilipata kura ambazo hakuna aliyezitarajia, na hizo zinaninyima usingizi kuliko zenu.

Bunge si kama nilivyodhani. Hotuba yangu ya kwanza niliifanyia mazoezi kwa masista ninaokaa kwao, wakalia. Ndani ya ukumbi, Spika alinikata katikati, muda umekwisha, na mheshimiwa mmoja alikuwa anakula njugu. Nilikaa chini, nikahisi kama siku ile ya mkutano wa kijiji, ila hakuna aliyecheka.

Kilichosaidia si hotuba. Serikali imesimama kwa kura chache, na bajeti ilikuwa inakuja. Mtu wa waziri alinifuata mgahawani. "Mama, unataka nini? Gari? Uenyekiti wa shirika fulani?" Nikamwambia nataka karatasi moja ifutwe. Hakuelewa. Nikamtajia namba ya ile amri. Akaenda, akarudi, akaenda tena.

Roque, imefutwa. Imetoka kwenye gazeti la serikali Alhamisi. Mashamba ni mashamba tena, na mawe ya lango yataletwa kabla ya mvua. Mkubalie Pandhari akikukumbatia, ana nguvu kuliko anavyoonekana.

Lakini nami niliinua mkono kwa bajeti yao. Ndani yake kuna mambo ambayo mwaka jana ningelala barabarani kuyapinga. Visima vya mgodini havimo. Mle ndani mkono ukiinuliwa hauulizwi una maoni gani. Nimeanza kuwatafuta wajumbe wengine wenye migodi kwenye maeneo yao. Tuko wachache, tunakutana kwa masista, tunakula maandazi yao. Pengine bajeti ijayo. Sijui. Nakuambia wewe ili mtu mmoja ajue.

Linda


Mandurli, 19 Machi 1990

Mheshimiwa mke wangu,

Pandhari alinikumbatia. Mbavu bado zinauma.

Tangu asubuhi mpaka mchana baraza letu lina watu. Hawaamini kwamba hupo. Mmoja anataka mwanawe ahamishiwe shule ya karibu, mwingine ng'ombe wake kakamatwa na manispaa, bibi mmoja anataka umwambie mkwewe aache pombe. Nimewaambia mambo ya wakwe yako nje ya mamlaka ya jimbo. Mama akasema hayako nje, akatoka na bibi yule kwenda kuyashughulikia. Nawapikia uji, naandika shida zao. Wakala ameniandikia: ghafla meli zimekuwa nyingi! Nimemjibu kwa adabu kwamba nitazungumza naye baada ya kupanda mpunga.

Kuhusu bajeti: mimi sijui. Ulinunua tuta na ukalipa. Najua watu waliolipa zaidi bila kununua kitu. Lakini usiache kukosa usingizi, maana siku utakayolala vizuri nitaanza kuwa na wasiwasi.

Jana amekuja Deodato.

Baraza lilikuwa limejaa. Alisimama kwenye ngazi ya chini, shati jeupe, kofia mkononi. Mama alikuwa na kisu cha samaki, nikamwomba akiweke chini.

"Roque," akasema, "mjumbe yupo?"

"Yuko Panjim, Baba."

"Nina shida ndogo." Akatazama watu, akashusha sauti. "Kisima changu. Tangu mwaka jana maji yamekuwa ya chumvi. Mke wangu hawezi hata kupikia chai. Nimekwenda idara ya maji, wananizungusha."

Mwokaji mikate akaanza kucheka, akajizuia, akakohoa. Unajua kisima chake kiko nyuma tu ya lile lango. Mimi nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia siku nikimwona. Nimeyatunga Bombay miezi mingi huku nakatakata vitunguu, maneno mazuri kweli. Nikamtazama pale alipo, Linda, na yote yakanitoka kichwani. Nikamwambia, "Kaa, Baba. Zamu yako ni baada ya Pandhari." Pandhari akasogea, akampa nafasi kwenye benchi. Wakakaa wawili, wote wanapuliza uji.

Nimeiandika shida yake na zingine. Niambie nimjibu nini, maana atarudi.

Roque


Panjim, 23 Machi 1990

Roque,

Mwambie nakuja Jumamosi kwa basi la kwanza, na kwamba kabla ya kuja nyumbani nitapita idara ya maji na kukaa kwenye benchi lao mpaka wanipe siku ya kwenda kupima kile kisima. Mabenchi yao nayajua.

Visima vyote vya upande ule vipimwe, si chake peke yake. Lakini chake kisirukwe. Usimtanie, na umzuie mama. Hakunipigia kura, najua, lakini na yeye ni mtu wangu sasa.

Niwekee wali na mchuzi wa samaki.

Linda